Projekta Moja, Wanafunzi 60: Mwongozo Kamili wa Kufundisha kwa Teknolojia Bila Kutegemea Intaneti Darasani

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa shule ya kata: darasa lenye wanafunzi 60 au zaidi, laptopu moja, projekta ya kuazima ofisi ya taaluma, na kifurushi cha intaneti kinachotoka mfukoni mwake. Kama shule yako ina chumba cha kompyuta chenye mtandao wa uhakika, baadhi ya hatua utaziruka. Ila hata wewe ningekushauri ufanye kama sisi wengine: intaneti itumike wakati wa kuandaa somo, isitegemewe wakati wa kulifundisha. Kipindi ni dakika 40. Ukitumia saba kati ya hizo kutazama kiduara kikizunguka kwenye skrini, darasa limeshapoa na kulipasha upya ni kazi.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho, mada ya mkondo wa umeme katika fizikia, kwa sababu ni mada ambayo wanafunzi hukariri kanuni yake bila kuamini inachosema. Mwalimu wa biolojia au jiografia atabadilisha mada, utaratibu ni ule ule.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Kabla ya kuandika barua ya kuomba vifaa, angalia vilivyopo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa kwa walimu wa shule za umma. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, nao umekuwa ukipeleka kompyuta kwenye shule za umma. Waulize wenzako ofisini nani ana nini na kinafanya kazi kiasi gani. Kishikwambi chenye kioo kilichopasuka lakini kinachowaka bado ni kifaa cha kufundishia.

Kisha jaribu kila kitu kwa pamoja, ndani ya darasa lenyewe, siku ambayo hakuna kipindi. Mambo ya kukagua ni haya:

- Laptopu inakaa na chaji muda gani bila kuchomekwa?
- Waya wa projekta unaingia kwenye laptopu? Projekta nyingi za zamani zina tundu la VGA na laptopu mpya zina HDMI tu, hivyo utahitaji adapta.
- Soketi ya darasani ina umeme kweli, au ni pambo? Ekstensheni inafika mbele ya darasa bila kupita miguuni mwa wanafunzi?
- Ukiandika herufi za ukubwa wa 28 na kwenda kusimama dawati la mwisho, unasoma?

Hilo la mwisho ndilo linaloua masomo mengi. Mwalimu anaandaa slaidi nzuri akiwa ameikaribia skrini, halafu safu tatu za nyuma zinaona ukungu. Tatizo likiwa mwanga, kuongeza ukubwa wa herufi hakutoshi. Hata projekta ya lumeni 3,000 (kipimo cha nguvu ya mwanga wake) hushindwa na jua la saa sita linaloingia kwenye madirisha yasiyo na mapazia. Usilazimishe picha ionekane pale ubao ulipo. Tafuta ukuta wenye kivuli zaidi, hata kama ni wa pembeni au wa nyuma, wageuze wanafunzi wauelekee, tundika shuka jeupe lililonyooshwa, na ziba madirisha mawili ya karibu kwa maboksi au kanga. Ukiweza kubadilishana vipindi na mwenzako upate cha asubuhi mapema, badilishana. Televisheni bapa ya inchi 43 ni angavu kuliko projekta, lakini kwa wanafunzi 60 ni ndogo, labda uwaite mbele kwa zamu.

Hatua ya 2: Chagua mada kabla ya kuchagua kifaa

Kosa la kawaida ni kuanza na swali "hii projekta niifanyie nini?" Anza na mahali ambapo wanafunzi wako wanakwama. Baraza la Mitihani hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo na swali kwa swali, zikiwa na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Walimu wengi tunazifahamu kwa kifupi chake, CIRA, na zinapatikana bure kwenye tovuti ya NECTA. Pakua za miaka mitatu ya karibuni kwa somo lako, tafuta maswali ambayo wengi walianguka, na usome sababu zilizotolewa. Hapo utapata mada mbili au tatu zinazostahili jasho lako mwaka huu. Mbili au tatu tu. Mwalimu anayeapa kwamba kila kipindi kitakuwa cha projekta huchoka kabla muhula haujafika nusu.

Sasa jiulize kama mada hiyo kweli inahitaji skrini. Skrini inaushinda ubao kwenye vitu visivyoonekana kwa macho, kama molekuli au chaji zinazotembea ndani ya waya. Vitu vya hatari. Vitu vya taratibu mno au vya haraka mno. Na vitu unavyotaka kuvirudia mara nyingi ukibadilisha jambo moja kila mara. Ubao unaishinda skrini kwenye kukokotoa hatua kwa hatua, kuchora mchoro ambao mwanafunzi atauchora mwenyewe kwenye mtihani, na chochote kinachohitaji kubaki mbele ya macho kipindi kizima. Maelezo marefu yaliyoandikwa kwenye slaidi na kusomwa kwa sauti hayafai popote.

Kwa mada yetu, tatizo lipo wazi. Muulize mwanafunzi kuhusu balbu mbili zilizoungwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, wengi watakuambia balbu ya kwanza "inakula" umeme na ya pili inapata makombo. Wazo hili wataalamu wa ufundishaji wa fizikia wamelikuta kwa wanafunzi wa nchi nyingi, na halifutwi kwa kuandika kanuni ya Ohm (volti ni mkondo mara ukinzani) ubaoni. Linahitaji kuonekana likishindwa.

Hatua ya 3: Pakua, na upakue kidogo

Fanya kazi hii nyumbani kwa kifurushi cha usiku, au ukienda mjini mahali penye Wi-Fi. Nitaeleza vyanzo kwa mpangilio wa umuhimu wake kwa mwalimu wa sayansi na hisabati.

PhET. Ni mkusanyiko wa simulesheni, yaani majaribio ya kuigiza kwenye skrini, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Zipo za fizikia, kemia, hisabati, biolojia na sayansi ya dunia, na zote ni bure. Ingia phet.colorado.edu, tafuta simulesheni unayoitaka, kisha bonyeza alama ya kupakua. Zile za kisasa, za HTML5, hushuka kama faili moja la megabaiti chache. Ukilibonyeza faili hilo mara mbili kwenye laptopu linafunguka ndani ya Chrome au Firefox bila intaneti kabisa. Sisi tutatumia inayoitwa Circuit Construction Kit: DC.

Baadhi ya simulesheni zimetafsiriwa kwa Kiswahili na unaweza kupakua toleo hilo. Mimi kwa sekondari huonyesha ya Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mjadala nauacha uende kwa Kiswahili. Kwa shule ya msingi ningefanya kinyume.

Kolibri. Hii ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa mahususi kwa shule zisizo na mtandao. Unaisakinisha kwenye laptopu moja, unaingiza masomo wakati una intaneti, na baada ya hapo laptopu hiyo inakuwa maktaba ambayo vifaa vingine vya darasani vinaisoma kwa Wi-Fi ya ndani. Ina video na mazoezi ya Khan Academy, simulesheni za PhET, hadithi za African Storybook na mengine mengi. Hatua zake:

1. Pakua programu kutoka learningequality.org. Ipo ya Windows, Linux, Mac na Android.
2. Wakati wa kuiweka, chagua matumizi ya kikundi wala si ya mtu mmoja, kisha tengeneza akaunti ya msimamizi. Nywila iandikwe mahali, maana ukiisahau utahangaika.
3. Nenda sehemu ya vifaa, kisha chaneli, halafu uingize. Fungua chaneli na uweke tiki kwenye mada unazozihitaji tu. Ukibonyeza chaneli nzima ya Khan Academy ya Kiingereza utakuwa umeagiza makumi ya gigabaiti, na kifurushi chako kitaisha kabla hujafika aljebra.
4. Ukishapata ulichotaka, kihamishie kwenye flashi au diski ya nje kwa njia ya programu yenyewe. Mwenzako wa shule jirani ataingiza kutoka kwenye flashi hiyo bila kutumia hata megabaiti moja.

Hatua hiyo ya nne ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote. Walimu wa somo moja katika kata mkichangishana kifurushi kimoja na diski moja, mnakuwa na maktaba sawa shule zote. Vikao vya MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ni mahali pazuri pa kupitishiana.

Taasisi ya Elimu Tanzania. Maktaba mtandao ya TET, ol.tie.go.tz, ina vitabu vya kiada. Jisajili, ingia, soma. Hakikisha unasoma kinacholingana na mtaala darasa lako lilio nao, kwa kuwa mtaala ulioboreshwa umekuwa ukiingia kwa awamu tangu Januari 2024 na madarasa hayakuhama yote kwa siku moja. Video nzuri kutoka ng'ambo isiyolingana na muhtasari wako ni burudani.

GeoGebra. Kwa hisabati, hasa grafu, mabadiliko ya maumbo na trigonometria, sijaona kinachoipita. Markus Hohenwarter aliianza mwaka 2001 alipokuwa mwanafunzi wa chuo Austria. Programu yake ya simu hufanya kazi bila mtandao. Onyesha y = ax², sogeza thamani ya a kwa kidole, na waache watabiri nini kitatokea a ikiwa hasi.

Kiwix ni ya mwalimu zaidi kuliko ya mwanafunzi. Inakuwezesha kubeba Wikipedia kwenye simu au laptopu. Wikipedia nzima ya Kiingereza yenye picha inazidi gigabaiti 100, hivyo chukua vifurushi vya mada moja moja, kama fizikia au kemia. Ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi na kwa historia na jiografia ya kwetu inasaidia.

Shule Direct ina notisi za masomo ya sekondari zilizoandikwa kwa kufuata mtaala wa Tanzania. Kwa walimu wa msingi, Ubongo Kids, katuni za hisabati na sayansi zilizoanza kurushwa mwaka 2014, ni Kiswahili safi ambacho watoto wanakifuata bila kusukumwa.

Kuhusu video za YouTube: usipakue kwa programu za wizi zilizojaa matangazo na virusi. Tafuta video hiyo au inayofanana nayo ndani ya Kolibri, ambako mwenye kazi ameridhia igawiwe.

Hatua ya 4: Cheza na simulesheni hadi uijue tabia yake

Tenga jioni moja. Fungua Circuit Construction Kit: DC, uburute betri, waya, balbu mbili na swichi, uunganishe. Betri inakuja ikiwa na volti 9 na kila balbu ina ukinzani wa omu 10. Sakiti ya balbu moja itakuonyesha ampea 0.90. Ukiongeza ya pili kwa mfuatano, 0.45. Ukiziunga sambamba, kila moja kwenye njia yake, kila balbu inapata 0.90 na betri inatoa 1.80. Andika namba hizi kwenye andalio la somo ili ukiona tofauti darasani ujue waya haujashika.

Kuna mambo matatu ya kuamua mapema. La kwanza, simulesheni inaweza kuonyesha elektroni zikitembea au mishale ya mkondo wa kawaida, na viwili hivi huenda pande tofauti. Vitabu vyao vina mishale ya mkondo wa kawaida, kwa hiyo weka hiyo. Elektroni zije mwishoni, ukiwa na muda wa kueleza. La pili, waambie kasi wanayoiona imekuzwa ili macho yaone: ndani ya waya wa kawaida wa shaba elektroni husogea chini ya milimita moja kwa sekunde, ila balbu huwaka papo hapo kwa sababu zote huanza kusogea karibu kwa wakati mmoja. Mwanafunzi mmoja atauliza, na ni vizuri jibu uwe nalo. La tatu, ukiunganisha betri moja kwa moja kwa waya bila balbu, itawaka moto kwenye skrini. Kaa nayo hiyo kwa dakika za mwisho, darasa zima litaamka.

Hatua ya 5: Fundisha

Hapa nitakaa muda mrefu, maana hatua zote za nyuma zilikuwa za kufika hapa. Chukua vipindi viwili vilivyofuatana, dakika 80.

Anza projekta ikiwa imewaka lakini lenzi imefunikwa. Ubaoni, kwa chaki, chora betri na balbu mbili zinazofanana kwa mfuatano. Andika swali: balbu ipi itawaka zaidi? A, iliyo karibu na upande chanya. B, iliyo karibu na upande hasi. C, zitawaka sawa. Kila mmoja aandike jibu lake kwenye daftari pamoja na sababu ya sentensi moja. Kimya, dakika tatu. Usiruke kuandika, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajaandika, jibu likitoka atasema alilijua.

Halafu wapige kura kwa vidole: kimoja ni A, viwili ni B, vitatu ni C. Vidole viwekwe kifuani, visiinuliwe juu, ili mtu asimwangalie yule anayeongoza darasa na kumfuata. Ipo programu ya Plickers inayosoma kadi za wanafunzi kwa kamera ya simu ya mwalimu, na ni nzuri kwa jaribio refu, lakini kwa swali moja vidole vinatosha. Andika hesabu ya kura ubaoni, usiseme nani kapatia.

Sasa kila mmoja amtafute jirani aliyepiga kura tofauti na amshawishi kwa dakika nne. Utaratibu huu wa kupiga kura, kujadiliana, kupiga tena ulipata umaarufu kupitia Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuutumia mwaka 1991 alipogundua wanafunzi wake walikuwa wakipasi hesabu bila kuelewa dhana. Kama Harvard wanahitaji, sisi tunahitaji zaidi. Kelele zitakuwepo. Mkuu wa shule akipita dirishani mkaribishe ndani. Pita kwenye madawati usikilize, na ukumbuke sababu mbili za makosa zenye mantiki utakazozirudia mbele ya wote bila kutaja majina.

Piga kura ya pili. Kisha funua lenzi.

Jenga sakiti mbele yao taratibu, ukiwauliza waya uende wapi. Kabla ya kufunga swichi, nyamaza kidogo. Funga. Balbu zote mbili zinawaka sawa. Wako watakaosema skrini imepangwa hivyo, na hao ndio wanafunzi wako bora. Leta amita, kipimo cha mkondo, iweke kabla ya balbu ya kwanza: 0.45. Waulize itasomaje katikati ya balbu mbili. Waandike kwanza. Iweke: 0.45. Baada ya balbu ya pili? 0.45. Mkondo haukuliwi. Kinachobadilika ni nishati, na kwa hiyo sasa unaleta voltimita, kipimo cha volti, ambayo itasoma 4.5 kwenye kila balbu. Hapo ndipo kanuni ya Ohm inapoandikwa ubaoni, ikiwa jibu la kitu walichokiona.

Dakika kama 30 zimepita. Zima projekta. Kwa dakika 25 zinazofuata wagawe vikundi vya sita, kila kikundi betri mbili za tochi, vipande vya waya na balbu mbili za tochi za zamani zenye uzi ndani. LED hazifai kwa zoezi hili: hupitisha umeme upande mmoja tu na hazifuati kanuni ya Ohm. Vifaa vikiwa vichache, fanya meza mbili mbele na waje kwa zamu. Sehemu hii usiikate hata muda ukibana. Mtihani wa vitendo haufanyiki kwenye skrini, na simulesheni bila waya halisi humwachia mwanafunzi wazo kwamba umeme ni mchezo wa kompyuta.

Na hapa ndipo patamu. Kwenye vikundi kadhaa balbu moja itawaka kidogo zaidi ya nyingine, na watakuja juu: "Mwalimu, si umesema sawa?" Waambie wabadilishane nafasi za balbu. Iliyokuwa na mwanga zaidi itabaki na mwanga zaidi hata ikihamia upande wa pili. Basi tofauti ipo kwenye balbu zenyewe, kiwanda hakitoi mbili zinazofanana kabisa, wala haitokani na nafasi. Wakiunga sambamba wataona kuongeza balbu ya pili kunapunguza kidogo mwanga wa ya kwanza, jambo ambalo skrini haikuonyesha. Warudishe kwenye projekta, fungua mipangilio ya ziada ya simulesheni, ongeza ukinzani wa ndani wa betri, na tazameni wote mwanga ukishuka. Umetoka kwenye kielelezo safi hadi betri halisi, na umerudi kukirekebisha kielelezo. Kitabu hakiwezi kukupa hilo.

Dakika zilizobaki ni za tathmini, nitakayoieleza chini, na za kuchoma betri kwenye skrini.

Hatua ya 6: Ukiwa na vishikwambi kadhaa

Usiviunganishe na intaneti. Chukua ruta ya kawaida ya Wi-Fi, hata isiyo na laini, ichomeke kwenye umeme, unganisha laptopu yenye Kolibri, kisha unganisha vishikwambi. Kolibri itakuonyesha anwani yake kwenye ukurasa wa taarifa za kifaa, namba kama 192.168 na kuendelea, ikimalizikia na :8080. Andika anwani hiyo ubaoni, waiandike kwenye kivinjari. Ikigoma, karibu kila mara ni ulinzi wa Windows unaozuia. Iruhusu Kolibri kwenye mipangilio ya ulinzi huo (firewall), jaribu tena.

Njia hii pia inamaliza tatizo la mafaili ya PhET, ambayo baadhi ya vishikwambi vya Android hukataa kuyafungua yakiwa kwenye kumbukumbu ya kifaa.

Wanafunzi wanne kwa kishikwambi ni kikomo. Wape majukumu na uyazungushe kila dakika kumi: anayegusa, anayesoma swali, anayeandika, anayepinga. Bila hivyo mvulana mmoja atakishika tangu mwanzo hadi kengele. Simu za wanafunzi zisiwe sehemu ya mpango wako. Shule nyingi haziziruhusu, na zingeruhusiwa zingefunua nani kwao wana uwezo na nani hawana.

Hatua ya 7: Jua kama wameelewa

Karatasi robo, maswali mawili, dakika sita. Swali la kwanza lifanane na la mwanzo lakini na balbu tatu. La pili liwe la kukokotoa, la mtindo wa NECTA. Jioni zigawe karatasi katika mafungu matatu: waliopatia kwa sababu sahihi, waliopatia kwa kubahatisha, waliokosa. Huhitaji kuweka alama. Fungu la kati ndilo la kulishughulikia kipindi kijacho, kwa sababu alama za kawaida hulificha.

Kolibri ina majaribio yake na itakuonyesha nani alikwama wapi, lakini kwa vishikwambi vitano na wanafunzi 60 takwimu hizo zitakuwa za kikundi, si za mtoto. Zisome hivyo.

Akili bandia

Programu kama ChatGPT zitakusaidia kutunga maswali kumi yanayofanana kwa namba tofauti, au kupata mfano mwingine wa dhana ngumu. Jibu kila swali mwenyewe kwa kalamu kabla ya kulichapa. Programu hizi hukosea kwa ujasiri, hasa kwenye vizio, michoro na istilahi za Kiswahili. Insha za wanafunzi usizipe zisahihishe, na majina yao usiyaweke humo.

Hatua ya 8: Faragha

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha ya mtoto na matokeo yake ni taarifa binafsi. Usirushe video ya darasa mtandaoni bila idhini ya wazazi na ya mkuu wa shule, hata kama somo lilikuwa zuri kiasi gani. Matokeo ya jaribio yasiwekwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi yakiwa na majina. Kila mzazi apewe ya mwanawe. Kabla ya kuchomeka laptopu yako binafsi kwenye projekta, zima taarifa za WhatsApp. Wanafunzi husoma haraka kuliko unavyodhani.

Hatua ya 9: Umeme ukikatika

Utakatika, au luku ya shule itakuwa imeisha. Somo la hatua ya 5 limepangwa hivyo makusudi: swali liko ubaoni, kura ni za vidole, betri ni za tochi. Kilichopotea ni dakika kama 15 za skrini. Beba picha nne za skrini zilizochapwa kwenye karatasi kubwa, moja kwa kila hatua ya simulesheni, uzibandike kwa selotepu. Laptopu yenye chaji inaweza pia kuzungushwa kikundi kwa kikundi wakati wengine wanashughulika na waya.

Hatua ya 10: Hifadhi

Tengeneza folda yenye jina la kidato, mada na mwaka. Ndani yake weka faili la simulesheni, andalio la somo, swali la kura, maswali ya tathmini, na ukurasa mmoja wa maelezo: mipangilio uliyotumia, namba zinazotarajiwa, kura zilivyokwenda, mahali wanafunzi walipokwama. Ukurasa huo uandike siku hiyo hiyo, kesho utakuwa umesahau nusu.

Nakala moja iwe kwenye laptopu yako na nyingine kwenye flashi inayokaa kwa mwalimu wa taaluma, ikiwa na jina la shule kwa maka. Ukipata uhamisho, yako utaondoka nayo, flashi ibaki kabatini.